Sina la Kusema

Wenzake wa kazini walimwita Hamira, na si kwa sababu alikuwa mwokaji wa mikate, maana kwa hesabu hiyo kiwanda kizima kingeitwa jina moja. Walimwita hivyo kwa sababu alikuwa mwepesi wa kuumuka. Neno moja la hovyo, mara kavimba, mashavu yamejaa, mikono kiunoni. Ukimwacha kidogo hushuka mwenyewe, akaanza kukuuliza kama umekula.

Sasa alikuwa hana kazi, na kila alipoikaribia kazi ilimponyoka kwa namna ileile. Anakwenda mahali wanapotafuta mwokaji. Wanamwambia oka, anaoka. Wanakula, wanatazamana, wanaongeza kipande. Wanamuuliza alikotoka, anawatajia kiwanda cha mikate alichokitumikia tangu ujana wake hadi akawa mkuu wa tanuri. Wanaandika namba ya simu ya bosi wake wa zamani. "Tutakupigia," wanasema, tabasamu mpaka masikioni. Hawapigi. Akipiga yeye, anakuta lile tabasamu limeshakunjwa na kurudishwa kabatini.

Mara ya mwisho ilikuwa kwenye chuo cha wauguzi. Msimamizi wa jikoni, mwanamke mkavu wa maneno asiyejua kuzunguka, aliupenda mkate tangu haujakatwa. Na huyu, tofauti na wengine, alikuwa na adabu ya kumwita mtu akamwambia usoni.

"Nimempigia bosi wako wa zamani, nikamuuliza wewe ni mtu wa namna gani. Kasema hana la kusema."

"Hana la kusema?"

"Nimemuuliza tena, nikadhani labda simu mbovu. Hana la kusema. Sasa dada yangu, hapa nalisha bweni zima. Mwokaji ndiye mwenye funguo za stoo, anaingia watu hawajaamka, yuko peke yake na moto. Mtu asiyesemewa hata neno moja nimpe funguo? Afadhali angeniambia una kasoro fulani, ningejua pa kuanzia."

"Kwa hiyo kazi sina."

"Nafasi sijaijaza. Nakupa mpaka mwisho wa wiki. Niletee mtu wa kukusemea, na awe yeye, maana kwake ndiko ulikokaa miaka yote. Mchungaji wako na jirani yako siwataki, hao watasema unaimba vizuri."

Hamira alitoka pale. Kazi aliitaka. Kodi ya nyumba na ada za watoto zilikuwa zikimngoja, ndiyo, kama zinavyowangoja watu wote. Lakini zaidi ya hayo aliitaka kwa sababu mikono yake ilikuwa imeanza kumdharau. Mwokaji asiyeoka hujikuta anakanda kila kitu, mto, nguo za kufua, hata mkono wa mgeni anapomsalimu.

Kichekesho ni kwamba huyo bosi asiye na la kusema jina lake kiwandani lilikuwa Redio. Asubuhi ulimsikia kabla hujafungua mlango. Alikuwa na la kusema juu ya bei ya unga, juu ya ndoa za watu, juu ya jirani na namna anavyoegesha gari lake. Na juu ya watu walioacha kazi kwake ndiko alikokuwa hana breki kabisa. Dereva wa gari la mikate alipoondoka, mtu akapiga simu kuuliza habari zake, Redio akajibu kwa sauti iliyofika mpaka kwenye tanuri: "Huyo? Mwizi huyo! Mkimchukua, ficheni hata vijiko!"

Dereva hakuwa mwizi. Mikate iliyodaiwa kupotea ilikuja kujulikana ilishushwa kimakosa kwenye duka lingine, tena kwa maagizo ya Redio mwenyewe. Dereva akaenda mahakamani kudai jina lake, na huko akaulizwa nani aliyesikia. Waliosikia walikuwa wote. Aliyekubali kusema alikuwa mmoja. Hamira alikwenda, akasimama, akasema alichosikia neno kwa neno, vijiko na vyote. Redio akashindwa, akalipa fidia, akaomba radhi mbele za watu kwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kumjua nayo.

Hamira hakufukuzwa. Wakili wa Redio alimkataza bosi wake kufanya upuuzi huo. Alichofanya Redio ni kuacha kusema naye. Watu wawili chumba kimoja, meza moja ya unga kati yao, na Redio anamwita mpwa wake: "Mwambie apunguze moto." Mpwa anageuka: "Mjomba anasema upunguze moto." "Mwambie nimeshapunguza." "Mjomba, anasema kashapunguza." Mwanzoni watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Baadaye hata mpwa alichoka, akawa anaonyesha kwa kidole tu.

Hamira alivumilia kuliko jina lake lilivyoruhusu. Kisha siku moja mpwa akafungua mlango wa tanuri kabla ya wakati, mikate ikabonyea katikati, na Redio akasema akiutazama ukuta: "Mwambie kazi imemshinda." Hamira akavua aproni, akaitundika, akatoka. Tanuri la pili lilikuwa limejaa, na hakuna mwingine aliyejua saa ya kutoa. Mikate ya hospitali iligeuka mkaa, na wagonjwa siku hiyo walikunywa chai kavu. Jambo hilo halikuwahi kumkaa vizuri moyoni, lakini aliliona ni la kumwambia Mungu, si la kumwambia msimamizi wa jikoni.

Mumewe alikuwa kinyozi. Alimsikiliza habari ya chuo cha wauguzi huku mkasi ukiendelea kulia juu ya kichwa cha mteja, kisha akatoa utani wake aliokuwa akiutoa tangu mkewe aache kazi, kwamba mwokaji kumwaga unga ni ajali ya kawaida, muhimu ni kuuzoa mapema. Hamira hakucheka. Aliyecheka ni wifi yake, dada wa kinyozi, aliyekuwa mpokezi wa kliniki ya meno na alikuja pale kila mchana kula chakula chake. Huyu wifi alikuwa na sauti ya simu. Sauti hiyo ingekushawishi ung'olewe hata jino zima.

"Wifi, acha nimpigie," akasema. "Najifanya nataka kukuajiri. Tumsikie anavyokupaka matope, tumrekodi, tumpeleke mbele."

"Usifanye mambo ya kitoto," akasema kinyozi, lakini alizima mashine ya kunyolea ili asikie vizuri. Mteja naye, povu kidevuni, akageuza shingo.

Redio akapokea. Wifi akalainisha sauti. "Habari za mchana, mzee. Nakupigia kutoka hotelini."

"Hoteli gani?"

Swali hilo hawakuwa wamelipanga. Wifi akatupa macho ukutani, akaona kopo la mafuta ya nywele. "Hoteli ya Lulu Nyeusi."

Kinyozi akajifunika uso kwa taulo.

"Tunataka kumwajiri mwokaji wako wa zamani, mzee. Tungependa kujua habari zake."

Kiti kilisikika kikivutwa upande wa pili. Kisha Redio akasoma, akikanyaga kila neno kama mtoto wa shule: "Mtajwa alifanya kazi kwangu. Tarehe na cheo vimo katika cheti chake cha utumishi. Zaidi ya hapo sina la kusema."

"Ni mchapakazi?"

"Sina la kusema."

"Ni mwizi?"

"Sina la kusema."

"Mlevi?"

"Sina la kusema, mama."

Wifi uvumilivu ukamwishia, na ile sauti ya kliniki ikamtoka. "Basi ni malaika?"

Walimsikia akishusha pumzi. "Sina la kusema," akasema Redio, na alisema kwa shida, kama anayemeza kidonge kikubwa bila maji.

Simu ilipokatwa, wa kwanza kuzungumza alikuwa yule mteja mwenye povu. "Huyo mtu kaogopa kitu," akasema.

Lakini Hamira alikuwa ameshaumuka. "Ananilipizia! Mmemsikia? Anajua fika kwamba ukinyamaza hivyo mtu anadhani nimeua. Afadhali angenitukana. Tusi ningelijibu. Hili nalijibu vipi?"

Kesho yake akaenda kwenye ofisi ya msaada wa sheria, juu ya duka la viatu, ngazi nyembamba, chumba cha mafaili yaliyopangwa mpaka dirishani. Mwanasheria alikuwa msichana mdogo mwenye mafua, leso mkono mmoja na kalamu mkono wa pili. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, ila kwa chafya.

"Pole, mama. Sasa nikuulize. Amesema uongo gani juu yako?"

"Hajasema kitu."

"Hapo ndipo penye shida." Akapenga kamasi, akaomba radhi. "Mtu akikuchafulia jina, tunatafuta maneno. Maneno ya uongo, yaliyofika kwa mtu mwingine, yakakuharibia. Angesema wewe mwizi, saa hii ningekuwa naandika. Tungemtumia barua ya madai, akikaidi tungekwenda mbele, kama alivyofanya yule dereva wenu."

"Angesema niliondoka tanuri limejaa?"

"Uliondoka?"

"Niliondoka."

"Basi hapo asingekuwa na kosa. Ukweli ni ngao yake. Hata angesema una hasira, hayo ni maoni yake. Akiyatoa kwa nia njema, akiulizwa na mwajiri mwenye sababu ya kuuliza, si rahisi kumshika. Mpaka tuonyeshe ni chuki. Na chuki tutaionyesha kwa maneno gani, mama, kama hasemi?"

Hamira akamuuliza kama hakuna ofisi ya serikali ya kumlazimisha aseme. Mwanasheria akatikisa kichwa. Ofisi ya kazi ingemlazimisha kutoa cheti cha utumishi, na cheti alishatoa. Sheria ina uwezo wa kumzuia mtu asiseme uongo. Kumlazimisha amsifu mtu, haina.

"Kuna mlango mmoja," akasema mwanasheria, na macho yake yenye machozi ya mafua yakachangamka. "Kama wengine anawasemea vizuri, wewe peke yako anakunyima kwa sababu ulitoa ushahidi, hicho ni kisasi dhidi ya shahidi. Hiyo ningeipigania. Wengine anawasemea?"

Hamira hakujua. Hapo hapo akampigia mwanamke waliyefanya naye kazi miaka mingi, aliyekuwa akifunga mikate kwenye mifuko na ambaye naye alishaondoka.

"Anisemee nani, Redio?" akacheka yule mfungaji mikate, kicheko kisicho na furaha. "Mwenzangu, tangu ile kesi hamsemei mtu. Mimi nimekosa kazi mbili. Yule wa kusafisha trei naye vilevile. Ukimuuliza habari ya mama yake mzazi atakwambia sina la kusema."

Hamira alikata simu polepole. Mlango ule mmoja ulikuwa umefungwa, na mwanasheria alikwishaona usoni mwake, hakuuliza.

Mwaka mzima Hamira alikuwa amejipikia hadithi moja, kwamba kuna mtu mwenye kinyongo anayekaa kando ya simu akingoja kumharibia yeye. Hadithi hiyo ilimuuma, lakini ilimpa pia raha fulani, maana mtu anayechukiwa angalau anakumbukwa. Kumbe hakuna aliyekuwa akimngoja. Kulikuwa na mzee aliyeungua mara moja na sasa hagusi chungu chochote, cha moto wala cha baridi. Na yeye Hamira ndiye aliyesaidia kumuunguza, kwa haki, na angefanya tena. Aliona uchungu kwa ajili ya yule mfungaji mikate, ambaye hakushitaki mtu wala kushuhudia lolote, na bado alikosa kazi mbili. Haki ya dereva ilikuwa haki. Lakini mdomo uliofungwa ili uongo usitoke, ukweli nao ulikuwa umekwama humo ndani.

"Anaogopa nini hasa?" akauliza.

"Anawaogopa nyinyi, mama. Anaogopa kushitakiwa."

"Na nikimwondolea hiyo hofu?"

Mwanasheria akaishusha leso. "Inawezekana. Unamwandikia kwamba umeridhia aseme anachoamini ni kweli, na kwamba hutamshitaki kwa hilo. Uongo wa makusudi hatumsamehe, huo nitauweka pembeni. Lakini sikushauri, mama. Mmeachana vibaya. Akisema ukweli wake wote, jinsi anavyouona yeye, ukikuumiza huna pa kwenda. Hata hapa kwangu huna pa kuja. Afadhali nimwandikie barua kali."

"Barua kali atanyamaza zaidi. Niandikie hiyo ya ridhaa."

Usiku kabla ya kulala alimwambia mumewe. Kinyozi hakutania safari hii.

"Ataisema habari ya tanuri, mama watoto."

"Ataisema."

"Na kazi?"

"Labda itakwenda na maji." Akavuta shuka. "Nimechoka kukataliwa kwa jambo ambalo halisemwi. Kama ni kukataliwa, nikataliwe kwa langu."

Kiwanda kilikuwa vilevile, joto lilelile mlangoni, unga uleule juu ya vitasa na swichi za taa. Mpwa alikuwa kwenye tanuri. Alipomwona Hamira alisimama wima kama askari, kisha akaonyesha ofisini kwa kidole, kwa mazoea.

Redio alikuwa amepungua. Ofisi yake ndogo ilikuwa na simu ya mezani, na ukutani juu ya simu, imebandikwa kwa gundi, karatasi ya wakili wake yenye yale maneno aliyomsomea wifi. Alimtazama Hamira, akatazama mlangoni kumtafuta mpwa wa kupitisha maneno, akakuta hayupo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Neno hilo lilikuwa la kwanza kati yao baada ya muda mrefu sana, na wote wawili walilisikia.

Hamira hakuzunguka. Akaweka ile karatasi ya mwanasheria mezani, akaisoma kwa sauti, akaeleza habari ya chuo cha wauguzi. Redio akavaa miwani, akaisoma mwenyewe, akarudia.

"Huu ni mtego," akasema.

"Si mtego."

"Wewe ulisimama mahakamani dhidi yangu. Nikikulipa mshahara! Nilikuona pale juu na ile kanga yako nzuri, unaniangalia machoni, unasema vijiko. Ungeweza kuviacha vijiko."

"Ulisema vijiko, mzee."

"Nilisema!" Redio akapiga meza, vumbi la unga likaruka. "Najua nilisema. Na angekuita tena leo yule dereva?"

Hapa Hamira angeweza kulainisha. Kazi ilikuwa pale, ng'ambo ya simu ile, na jibu tamu lingempoza mzee. Alilitafuta hilo jibu tamu, na alilitafuta kwa nia kabisa, akalikosa.

"Ningekwenda," akasema. "Ningesema vilevile."

Redio alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa ikiwa chafu zaidi. Kisha akachukua kalamu, akaisukuma mbele ya Hamira, na Hamira akatia saini.

"Nipe namba ya huyo mama," akasema Redio. "Na wewe kaa hapohapo. Kumsema mtu akiwa hayupo kumenigharimu, sitaki tena."

Akapiga, akaweka spika. Msimamizi wa jikoni akapokea kwa sauti yake kavu. Redio akajitambulisha, akasema safari hii ana la kusema na mhusika yuko mbele yake anasikia.

"Haya, mzee. Ni mtu wa namna gani?"

"Ana hasira," akasema Redio. "Tulimwita Hamira. Siku aliyoondoka aliniachia tanuri limejaa, mikate ya hospitali ikaungua yote. Wagonjwa hawakula. Nilikwenda kuomba radhi mwenyewe, kitanda kwa kitanda, na sijamsamehe mpaka leo."

Hamira akainamisha kichwa. Ile habari ya kitanda kwa kitanda hakuwahi kuijua.

"Kwa nini aliondoka hivyo?" sauti ikauliza.

Redio akakohoa. Akaitazama karatasi ya wakili ukutani, akaigeuzia mgongo. "Kwa sababu nilikuwa simsemeshi. Alitoa ushahidi juu yangu mahakamani, nikashindwa. Nikamnunia, mtu mzima mimi, nikawa namtumia mtoto kumwambia apunguze moto. Siku ile nilimwambia kazi imemshinda, na haikuwa kweli. Aliyekosea alikuwa mpwa wangu."

"Ushahidi gani?"

"Wa kweli, mama. Wote walisikia, yeye peke yake akasema. Nilimchukia kwa hilo. Lakini kama unaniuliza habari ya funguo, mpe. Mtu aliyesema kweli juu yangu huku mimi ndiye ninayemlisha, hataiba sukari yako."

Ng'ambo ya pili kulikuwa na milio ya sufuria, na mtu alikuwa akiulizia chumvi. Hamira alijikuta ameushika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

"Nimekusikia," akasema msimamizi. "Tanuri limenikera, sitaficha. Mwambie aje Jumatatu kwa majaribio. Na siku atakayoniachia moto unawaka, nitakupigia wewe, mzee, nikulaumu."

"Nilaumu," akasema Redio, akakata simu.

Wakabaki wanatazamana. Hamira alikuwa na shukrani, na chini ya shukrani kulikuwa na aibu, na chini ya aibu, kama kawaida yake, kitu kilianza kuumuka.

"Samahani kwa mikate ile," akasema kwanza. "Na kwa wagonjwa. Sikujua ulikwenda."

"Sikukuambia."

Redio akaikunja ile karatasi yenye saini, akaiweka kwenye droo, akafunga kwa ufunguo, akatia ufunguo mfukoni. Akavuta kiti kama mtu aliyemaliza.

"Mzee," akasema Hamira, mikono imeshafika kiunoni. "Umemwambia hasira, umemwambia tanuri, umemwambia mahakama. Miaka yote ile. Hukumwambia hata mara moja kama naoka vizuri."

"Hakuniuliza."

"Basi nakuuliza mimi."

Redio alimtazama. Akainuka, akaenda mpaka mlangoni, akachungulia upande wa tanuri alikokuwa mpwa wake, akaufunga mlango taratibu usipige kelele. Akarudi, akainama karibu, akaishusha sauti ile iliyowahi kufika kila pembe ya kiwanda.

"Tangu uondoke," akasema, "mkate wa nyumbani kwangu nanunua kwa watu."